Biskuti za magari: ubaridi wa donge na bati la fundi

Ua likitanuka ndani ya oveni bado ni ua. Nyota ikivimba watoto wataila na kuiita nyota, na kopa likipoteza ncha yake hakuna atakayelalamika. Gari halina huruma hiyo. Matairi yakiungana na bodi, boneti ikajaa mpaka usawa wa kioo, mtoto wa miaka mitatu anaichukua ile biskuti, anaigeuza, anakuambia ni kiatu. Nimeambiwa hivyo, na mtoto mwenyewe hakukosea.

Naoka nyumbani, Temeke, kwa oda. Keki za bethidei ndizo zinazolipa, sikukuu zikikaribia ni vileja na visheti, lakini miaka ya karibuni biskuti za magari zimekuwa kazi yangu ya kila wikiendi. Watoto wa mji huu wanajua magari kabla ya a-e-i-o-u. Kuna mama aliagiza daladala za sherehe ya chekechea, akasisitiza ziwe na mstari wa rangi ya njia ya kwao. Daladala za Dar hupakwa mistari ya rangi kuonyesha zinakokwenda, na mtoto ambaye hajui kusoma kibao cha mbele anaijua rangi ya gari la kumrudisha nyumbani. Ukimpa daladala ya njia nyingine atakurudishia.

Resipe niliyoanza nayo ilikuwa ya Ulaya, imeandikwa vizuri tu, ikisema siagi iwe na joto la chumba. Chumba cha huko ni nyuzi 20 au pungufu. Jikoni kwangu mwezi wa pili, saa nane mchana, ni zaidi ya 30, na siagi ya maziwa huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi. Yaani siagi yenye joto la chumba changu imebakiza hatua moja iwe mafuta ya maji. Wifi yangu anaishi Makambako, mahali ambapo mwezi wa Juni watu wanavaa makoti mchana kweupe. Nilimtumia resipe ileile, naye akanirushia picha za magari yenye kona zake zote. Nikampigia.

"Wifi, wewe umezidisha siagi," akasema.

"Nimepima kwa mizani, gramu kwa gramu."

"Basi ni huo mji wenu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mambo mengi niliyoyajua baadaye ni njia za kuiba kidogo ubaridi wa Makambako na kuuleta Temeke.

Kinachotokea ndani ya oveni ni mashindano ya dakika chache za mwanzo. Mafuta yanayeyuka, sukari inageuka shira, donge linalegea na kuanza kutembea. Upande wa pili, yai na wanga wa unga vinashika na kukaza. Vikikaza kabla donge halijatembea mbali, umbo linabaki. Donge likiingia la vuguvugu, mafuta yameshashinda kabla hujafunga mlango. Likiingia la baridi kabisa, kingo za nje zinakaza wakati katikati bado pagumu, na zile kingo ndizo zinazolizuia gari lisimwagike. Kwa hiyo mtu akiniuliza siri ni resipe gani, namjibu resipe ni robo tu ya kazi. Robo yenyewe hii hapa, nisije nikaambiwa nimeficha.

Gramu 400 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 200 za mafuta, gramu 150 za sukari ya unga iliyochekechwa, yai moja, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na iliki ya kutwanga kadiri ya mapenzi yako. Hakuna bekingi pauda. Hapo ndipo wengi wanabisha, kwa sababu tumezoea kwamba kitu cha kuokwa bila bekingi pauda ni kigumu. Biskuti ya umbo haihitaji kuumuka. Ikiumuka, hewa inasukuma juu na pembeni kwa pamoja, na pembeni ndiko kwenye matairi. Vivyo hivyo na unga ambao umeshachanganywa na bekingi pauda kiwandani: soma pakiti kabla ya kununua.

Sukari ya unga naichagua kwa sababu ya punje. Sukari yetu ya dukani ina punje kubwa, haiyeyuki yote wakati wa kukanda, inasubiri joto la oveni ndipo iyeyuke na kulegeza donge. Kama huna sukari ya unga, saga ya kawaida kwenye blenda mpaka iwe laini kabisa, kisha ichekeche. Ile ya dukani mara nyingi imechanganywa na wanga wa mahindi kidogo ili isigande, na wanga huo nao unasaidia kukaza.

Kuhusu mafuta nina msimamo wangu. Siagi ya maziwa ina ladha ambayo haina mbadala, lakini peke yake, kwa joto la pwani, inakulazimisha kukimbia. Majarini ngumu ya kuokea inavumilia zaidi lakini ladha yake ni ya duka. Mimi nachanganya nusu kwa nusu na sioni aibu. Kitu nisichokigusa ni majarini laini ya kupaka mkate, hasa ile ambayo kopo lake linaonyesha mafuta chini ya asilimia 80. Kilichobaki humo karibu chote ni maji, na maji ndani ya donge yanakuwa mvuke. Samli nimejaribu kwa kuwa nilikuwa nayo ya vileja. Harufu yake ni ya sikukuu, ila kwa joto letu inakaa nusu maji kopo zima, na donge lake linavunjika ukilikunja kidogo tu. Na kabla hujauliza: hapana, unga wa mchele wa vileja hautoi gari. Hautanuki sana, hiyo ni kweli, lakini hauna ule mnato wa ngano, na gari linakatika shingoni pale boneti inapokutana na kioo, ukiwa umelishika mkononi mwako.

Mafuta na sukari usivipige mpaka viwe vyeupe kama unavyofanya kwenye keki. Changanya vishikane, basi. Hewa unayoipigia humo ni bekingi pauda ya siri. Unga ukishaingia, kanda mpaka donge liache bakuli, halafu toa mikono. Ukiendelea kulikanda kana kwamba ni la chapati, ngano inatengeneza mpira, na mpira ukivutwa unarudi. Hili la kurudi lilinisumbua kuliko kutanuka, kwa sababu halionekani haraka. Unakata Coaster ndefu nzuri, inatoka oveni imekuwa fupi na nene, imekaa kama Toyota Noah. Kisha nikagundua kwamba gari linafupika kuelekea upande niliosukuma. Kama mti wa chapati ulikuwa unakwenda mbele na nyuma tu, donge limevutwa upande mmoja na litarudi upande huohuo. Sasa kila baada ya misukumo miwili mitatu nalizungusha donge robo mzunguko, na magari marefu nayakata kwenye msukumo wa kwanza. Masalio yakishakusanywa na kusukumwa upya yamekazana zaidi. Hayo nayakatia vigari vidogo, au taa za barabarani za duara, ambazo zikisinyaa hakuna anayejua.

Nasukuma donge mara tu linapochanganyika, likiwa bado laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea. Wengi wanaliviringisha, wanaliweka friji likiwa bonge, saa mbili baadaye nje limekuwa tofali na ndani bado laini, wanapambana nalo, mwishowe wanaliacha lipate joto ili lisukumike. Umerudi ulikotoka. Donge lililolazwa bapa linapoa lote kwa nusu saa hivi kwenye friji, na nafasi linayochukua ni ya sinia moja juu ya sufuria ya mboga. Karatasi ya kuokea ikiisha natumia mfuko wa mkate wa slesi, nimeupasua pembeni na kuupangusa. Wakati wa kusukuma tu, wala siupeleki kwenye moto.

Unene ndio uliotaka akili. Kwa macho, siku zote kuna upande mnene na upande mwembamba, na wa mwembamba unaungua wakati mnene bado mbichi. Fundi seremala wa mtaani alinikatia vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 6, vyembamba kama rula. Naviweka kulia na kushoto kwa donge, mti wa chapati unatembea juu yake, na donge lote linakuwa milimita 6, hakuna mjadala. Chini ya hapo gari linavunjika kwenye mfuko wa zawadi. Milimita 10 ni nene mno. Katikati panachelewa kuiva na kingo zinateremka zikisubiri.

Sasa nije kwenye bati, kwa sababu ndilo ambalo resipe hazilizungumzii kabisa. Vikatio vya magari vya dukani nilivyovipata vilikuwa vya plastiki, vidogo, vya magari ambayo watoto wetu hawayaoni barabarani. Nikaenda mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, kwa mafundi wa bati. Fundi niliyempata alikuwa mzee wa kazi, anakunja bati kwa koleo huku anazungumza na mtu mwingine.

"Gari gani, dada? Hiace au Coaster?"

"Hiace, ya pembeni."

Akanichorea kwa chaki juu ya meza: bampa, saidi mira, kitasa cha mlango, mpaka antena. Kikatio alichotengeneza kilikuwa kazi ya sanaa, na kwa biskuti hakifai. Kila kitu chembamba kuliko kidole kinaungua kabla ya mengine kuiva, au kinabaki ndani ya kikatio. Saidi mira ilikuwa inakatika hata kabla ya kufika kwenye trei. Nikarudi, nikamwomba azitoe zote.

"Gari bila saidi mira trafiki atakukamata," akaniambia, lakini akazitoa.

Tukakaa tukalipunguza gari pamoja mpaka likabaki na vitu vinavyolifanya liitwe gari: mstari wa paa, mteremko wa kioo cha mbele, nusu duara mbili za matairi zinazochungulia chini. Nafasi kati ya matairi tuliipanua kuliko ilivyo kwenye gari la kweli na kuichimba juu zaidi, kwa sababu hapo ndipo donge linapokimbilia kwanza, kutoka pande tatu. Ukiiacha nafasi ya kweli, inajaa. Ukiipanua, inajaa kidogo na kuonekana ya kweli. Kona za ndani akazikunja kwa mviringo mdogo, maana kona kali inashikilia donge na kulirarua ukiinua. Ukingo wa juu akaukunja usinikate kiganja. Na nikamsihi jambo moja ambalo yeye aliliona la ajabu: viungo vikunjwe na kubanwa kwa ribiti, visichomelewe kwa risasi. Lehemu ya mafundi wa bati mara nyingi ina madini ya risasi, na kitu kinachogusa chakula cha watoto kila wiki hakitakiwi kuwa nayo. Jiko la mkaa litachomelewa upendavyo, kikatio hapana.

Aina ya gari nayo ina maneno yake. Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo, inasamehe sana. Ikitanuka milimita mbili inazidi kupendeza. Land Rover ya zamani yenye mistari iliyonyooka na kona za sanduku inakusema mbele za watu. Kwa anayeanza ningesema aanze na ile ya mviringo, lakini wateja hawaagizi kwa kufuata ugumu wa kazi. Wanaagiza Land Cruiser.

Kukata, kikatio nakichovya kwenye unga, nakishusha wima, nakiinua wima. Ukikizungusha unavuta kingo. Kisha siliinui gari. Naondoa donge linalolizunguka, vipande kwa vipande, gari linabaki limelala palepale kwenye karatasi, na karatasi nzima naivuta juu ya trei. Gari lililoinuliwa kwa vidole limeshapinda bampa hata kama hulioni. Trei inaingia kwenye friza robo saa, mpaka ukigonga gari kwa kucha lisikike. Toka friza moja kwa moja oveni, bila kusimama njiani kumjibu mtu simu.

Trei yenyewe iwe ya baridi na isipakwe mafuta. Mafuta chini ya biskuti ni utelezi, na trei iliyotoka oveni muda huu inaanza kuyeyusha tumbo la gari kabla ya moto wa juu kufika. Nina trei mbili kwa sababu hiyo tu.

Oveni nyuzi 180, na iwe imefika 180 kweli. Kitufe cha oveni yangu kinasema 180 wakati kipimajoto nilichoning'iniza ndani kinasema 155, na kwa 155 mafuta yanayeyuka taratibu huku yai likiwa bado halijaamka. Moto mdogo ndio unaotanua biskuti. Watu wengi wakiona zinatanuka wanapunguza moto, wakidhani wanazihurumia. Kwa unene wa milimita 6, dakika 10 hadi 12, mpaka kingo ziwe na rangi kidogo na katikati pabaki peupe. Magari makubwa na madogo yasiingie trei moja.

Umeme ukikatika, au Luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikikimbia kuliko faida, ninayo oveni ya mkaa ya bati nje uani. Inafanya kazi nzuri, ila haina kitufe hata cha kudanganya. Napima kwa unga: kijiko kimoja natandaza kwenye kifuniko cha kopo, naweka ndani. Ukigeuka rangi ya hudhurungi hafifu kwa kama dakika tano, moto uko sawa. Ukigeuka kabla ya hapo, natoa makaa ya chini. Mkaa mwingi uwe juu, wa chini kidogo, kwa sababu moto wa chini ndio unaoyeyusha kabla ya wakati. Na kwa oda kubwa za miezi ya joto naamka saa kumi alfajiri. Hewa ina nafuu, friji haifunguliwi na kila mwenye kiu, na saa mbili asubuhi magari yote yako kwenye waya yanapoa.

Hata hivyo kuna kutanuka kidogo ambako hakukwepeki. Dakika ya kwanza baada ya kutoka oveni biskuti bado ni laini, na hapo ndipo ubapa wa kisu unapofanya kazi. Nasukuma mgongo wake kwenye paa linyooke, natengeneza nafasi kati ya matairi, au narudisha kikatio juu ya gari na kukikandamiza taratibu, kinakata kingo zilizozidi. Ukichelewa, zimekauka na zinapasuka. Vipande vilivyokatwa vina wenyewe, wamesimama mlangoni tangu harufu ilipotoka.

Madirisha ya pipi yanapendwa sana kwenye picha. Unakata tundu la dirisha, unaoka biskuti mpaka karibu ya kuiva, unajaza pipi ngumu zilizopondwa, unarudisha dakika tatu nne ziyeyuke, zinatoka kama kioo cha rangi. Mwezi wa saba zinanipendeza. Wakati wa masika sikubali oda zake kwa bei yoyote, kwa sababu sukari inavuta unyevu wa hewa, na kufikia jioni dirisha linanata, siku ya pili linateremka mlangoni. Wakati huo napaka aisingi: ute wa yai moja, gramu 150 hadi 200 za sukari ya unga, matone ya ndimu. Kwa watoto wadogo na wajawazito sitii ute mbichi, nachanganya sukari na maziwa kidogo, inachukua muda mrefu zaidi kukauka na haing'ai sawa, lakini nalala usingizi. Biskuti ziwe zimepoa kabisa kabla ya kupaka, la sivyo mstari wa daladala unachuruzika mpaka kwenye tairi.

Bajaji ilinisumbua kwa sababu mbele ni uwazi na nguzo nyembamba. Siku hizi siukati uwazi ule. Kikatio kinatoa umbo zima lililojaa, na nguzo, usukani na abiria nachora kwa aisingi. Lori la semi nalioka vipande viwili, kichwa peke yake na tela peke yake, kwa sababu likiwa moja linakatika kwenye kiungo hata ukilibeba kwa mikono miwili. Naviunga kwa aisingi nzito na kuacha usiku mzima. Mteja mmoja aliniomba nisiviunge, akasema wanawe ni wawili na kila mtu atapata chake. Wakagombania kichwa. Oda iliyofuata aliagiza vichwa viwili na tela moja.